Washawishi wa mitandaoni wanalipwa kiasi gani kwa tangazo moja? Tuache orodha za kukisia, twende kwenye makaratasi ya kesi

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda inaletwa humu ile picha ya orodha: fulani akiposti mara moja anavuta mamilioni, fulani anamfuatia, na nusu ya wachangiaji wanaanza kulalamika kwamba walisoma bure. Orodha inayozungushwa kuliko zote ni ya Hopper HQ. Ya mwaka 2023 ilimweka Cristiano Ronaldo kileleni kwa dola milioni 3.23 kwa chapisho moja la Instagram.

Wanaosambaza hawasemi kwamba hayo ni makadirio, na aliyekadiria ni kampuni inayouza programu ya kupanga machapisho. Ronaldo hajaonyesha risiti. Isitoshe, mtu wa ngazi ile hauzi chapisho mojamoja kama vocha. Ana mkataba wa miaka kadhaa, ndani yake mna mabango, matangazo ya televisheni, kuhudhuria hafla, na machapisho ya Instagram yamo humo kama kipande tu cha kifurushi. Ukichukua kipande ukakipa bei peke yake, unapata tarakimu tamu ya kubishania, basi.

Bei za kweli ni siri, kwa sababu mikataba mingi ina kifungu cha kufunga mdomo. Lakini siri hiyo huvuja pale watu wanapofikishana mahakamani au mamlaka inapoingilia kati. Hapo karatasi zinawekwa mezani na kila mtu anasoma. Nawawekea baadhi, zote za Marekani kwa sababu kule ndiko mafaili ya namna hii huwekwa wazi kwa wingi.

Michezo ya video, Machinima. Kampuni hii ilikuwa na mtandao wa watengeneza video YouTube, ikapewa kazi ya kuipigia debe mashine ya michezo ya Xbox One ilipokuwa inaingia sokoni. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilipolifikia suala hilo mwaka 2015, yakatoka haya: mtu mmoja alilipwa dola 15,000 kwa video zilizotazamwa zaidi ya mara 250,000. Mwingine alilipwa dola 30,000 kwa video zilizotazamwa zaidi ya mara 730,000. Halafu kukawa na kundi kubwa la wengine walioahidiwa dola 1 kwa kila mara 1,000 za kutazamwa, mwisho dola 25,000.

Shikeni kikokotoo. Wa kwanza alipata kama dola 60 kwa kila watazamaji 1,000. Wa pili kama dola 41. Wale wa kundi kubwa: dola 1. Bidhaa ni ileile na aliyewalipa ni yuleyule, lakini pengo ni mara 60. Na ili ule ukomo wa 25,000 ufikiwe, video zingehitaji kutazamwa mara milioni 25.

Nguo, Lord & Taylor. Mwaka 2015 duka hili liliwapa watu 50 wa mitindo gauni moja, wote walivae na kuliposti Instagram wikiendi moja. Kila mmoja alipewa gauni bure pamoja na dola kati ya 1,000 na 4,000. Kwa mujibu wa FTC, kampeni iliwafikia watu milioni 11.4 kwa siku mbili na gauni likaisha. Kwa hesabu ya haraka, duka lilitumia kati ya dola 50,000 na 200,000 kwa malipo yao, yaani takriban dola 4 hadi 18 kwa kila watu 1,000 waliofikiwa. Linganisheni na ile 60 hapo juu. (Kilichowaponza hakikuwa bei. Hawakuwataka wale watu waseme kwamba wamelipwa.)

Kamari ya michezo ya video, CSGO Lotto. Kesi ya 2017. Wamiliki wa tovuti hii ya kamari walikuwa wanawalipa watu maarufu wa YouTube na Twitch kati ya dola 2,500 na 55,000, na mkataba ukiwakataza kuisema vibaya tovuti hiyo.

Sarafu za kidijitali. Huku ndiko hela inapofura. Mwaka 2018 SEC, inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilisema Floyd Mayweather alipokea dola 100,000 na DJ Khaled dola 50,000 kutoka Centra Tech, kampuni ya sarafu hizo, bila kuwaambia wafuasi wao. Oktoba 2022 ikawa zamu ya Kim Kardashian: dola 250,000 kwa kuitangaza sarafu ya EMAX kwenye Instagram. Akakubali kulipa dola milioni 1.26 ili suala liishe, bila kukiri wala kukana. Tarakimu za upande huu ziko wazi kwa sababu sheria ya hisa kule inamtaka anayelipwa kuzipigia debe ataje na kiasi alicholipwa.

Hoja yangu ni hii, na nakaribisha kupingwa: wafuasi ni kisingizio tu cha kuanzia mazungumzo. Kinacholipiwa hasa ni vitu vingine, na anayevijua ndiye anayeondoka na hela.

#2

Nakaa siti ya mbele. Uzi wa maana huu.

#3

Mkuu, makaratasi mazuri lakini mengi ni ya zamani. Mwaka 2015 TikTok haikuwepo. Leo bei si hizo. Halafu kuna ile kanuni inayojulikana, dola 100 kwa kila wafuasi 10,000. Mbona hujaitaja? Hiyo ndiyo wengi wanaitumia.

#4 Mleta uzi

#3, kwenye miaka uko sahihi na ndiyo maana nimeiandika kila mahali. Sikuleta kesi ili mtu achukue bei ya 2015 aende nayo kwa mteja. Nimezileta kwa ajili ya lile pengo la mara 60 ndani ya kampeni moja, maana hilo halijazeeka.

Kanuni ya dola 100 kwa 10,000 naifahamu, nayo inapendwa kwa sababu haihitaji kufikiri. Inatoka enzi ambazo ukiposti, wafuasi wako ndio wanaoona. Siku hizi video inasukumwa kwa watu wasiokufuata kabisa, na wanaokufuata wanaweza wasiione. Mtu mwenye wafuasi 400,000 aliowapata kwa video moja ya paka miaka mitatu iliyopita, na leo anatazamwa mara 3,000, kwa kanuni hiyo anadai dola 4,000. Atazidai peke yake.

Mkumbuke yule binti wa 2019 mwenye wafuasi zaidi ya milioni 2 Instagram, aliyetoa fulana zake na akashindwa kufikisha oda 36 alizotakiwa na watengenezaji. Habari yake ilizunguka sana. Watu walimcheka yeye, ilhali mameneja wa masoko walikuwa wanatokwa jasho wakifikiria bajeti zao.

#5

Niseme kidogo nikiwa upande wa pili wa meza. Nafanya kazi ya masoko kwenye kampuni ya bidhaa za matumizi ya kila siku, na mimi ndiye napitia majina kabla bosi hajasaini.

Idadi ya wafuasi naiangalia dakika ya kwanza tu, kupunguza orodha. Baada ya hapo ninafungua machapisho ya karibuni na kuangalia yanatazamwa kiasi gani kwa kawaida. Sichukui wastani, maana video moja iliyolipuka inaharibu hesabu yote. Nayapanga kuanzia ya chini hadi ya juu, nachukua ya katikati. Hiyo ndiyo namba ninayomlipia.

Pili, koment. Nikikuta mioto na mioyo mitupu, na majina yaleyale kwenye kila chapisho, naelewa kuna kikundi cha kulaikiana. Nikikuta watu wanauliza "unapaka asubuhi au usiku?", "mwenye ngozi ya mafuta je?", na mwenye ukurasa anawajibu, huyo namtafuta hata kama ana wafuasi 8,000. Watu wanaouliza namna ya kutumia kitu wako hatua moja kabla ya kununua.

Tatu, takwimu za ndani: nchi za watazamaji, umri, jinsia. Picha za skrini sizipokei tena, zinachezewa sana. Namwomba arekodi skrini huku anafungua ukurasa wa takwimu na kuzishusha mwenyewe. Wengi hukata mawasiliano hapohapo, na mimi nimeokoa bajeti.

Wafuasi wa kununua si mzaha. Mwaka 2018 Unilever walitangaza hadharani kwamba hawatafanya kazi na washawishi wanaonunua wafuasi. Kampuni kubwa hivyo haisemi maneno hayo kama haijaumia.

#6

#5 mbona hutaji mnalipaje? Umezunguka mbuyu mzima.

#7

(naendelea, mimi wa #5) Haha, sawa. Kuna njia tatu na kila moja ina ujanja wake.

Malipo ya moja kwa moja: tunakubaliana kiasi, unaposti, unalipwa, iuze isiuze. Hii ndiyo washawishi wanaipenda na bosi wangu anaichukia.

Kamisheni: unapewa kiungo au msimbo wa punguzo (promo code), unalipwa kwa kila anayenunua. Inaonekana ya haki, ila soma masharti ya muda. Kwenye mpango wa Amazon, kwa mfano, mtu akibofya kiungo chako una saa 24 tu. Asipoweka kitu kwenye kikapu ndani ya muda huo, akirudi kivyake keshokutwa kununua, huna chako. Kuna watu wanauza sana bila kujua kwamba mauzo yao yanahesabiwa ya mwingine.

Mchanganyiko: kiasi kidogo cha uhakika, kamisheni juu yake. Mimi nikiwa na mtu nisiyemjua vizuri ndiyo naipendekeza. Akiuza, raundi ya pili anakuja yeye na bei, na mimi sina pa kukwepea.

Ya nne si njia, ni bidhaa ya bure. Tunawapa wengi. Sitawadanganya: tunawapa kwa sababu wanakubali.

#8

Na YouTube wenyewe wanalipa ngapi? Nasikia wanachukua karibu nusu.

#9 Mleta uzi

#8 hiyo ni habari nyingine kabisa, tusiichanganye. Hela ya matangazo ambayo YouTube inaweka kwenye video, mwenye chaneli anachukua asilimia 55, na kwa video fupi za Shorts ni asilimia 45 ya fungu analotengewa. Dili la kampuni ni kati yako na kampuni. YouTube haimo, haichukui kitu. Ndiyo maana mtu mwenye watazamaji wachache lakini wa fani ghali, tuseme programu za uhasibu au mambo ya uwekezaji, anaweza kupata kwenye dili moja zaidi ya anachopata YouTube mwaka mzima. Anayeuza programu ya uhasibu akipata mteja mmoja anamla miaka. Anayeuza pipi anahitaji wateja elfu.

#10

Wakuu nina swali la kweli, si la nadharia. Mimi nina ukurasa wa mambo ya ngozi na nywele, wafuasi 22,000. Video zangu za kawaida zinatazamwa kama mara 6,000, stori kama 900. Kuna kampuni ya mafuta ya ngozi imenitumia ofa: video 2, stori 4, wananipa seti ya bidhaa na dola 80. Kwenye mkataba kuna "kampuni itakuwa na haki ya kutumia video kwa njia zote na kwa muda wote", halafu nisitangaze bidhaa nyingine za ngozi miezi sita. Dada zangu wananiambia nikubali ili nipate jina. Nifanyeje?

#11

Kubali tu, mwanzo mgumu. Wakubwa wote walianzia bure.

#12 Mleta uzi

#11 nakuheshimu lakini hapana.

#10, dada yangu, dola 80 siyo tatizo kubwa kwenye ofa hiyo. Tuanze nazo hata hivyo. Video 2 kwa watazamaji 6,000 ni mara 12,000. Stori 4 kwa 900 ni 3,600. Wanapata macho kama 15,600 kwa dola 80, ambayo ni dola 5 na senti kwa kila 1,000. Ukirudi kwenye kesi za juu, uko karibu na sakafu pamoja na wale wa gauni, nao angalau walikuwa wanalipiwa picha moja, siyo kuandika, kurekodi na kuhariri video mbili.

Sasa njoo kwenye "njia zote na muda wote". Maana yake ni kwamba wanaweza kuchukua uso wako wakauweka kwenye matangazo ya kulipia, ukaonekana na watu milioni, mwaka huu na mwaka kesho na siku umeshaanzisha mafuta yako mwenyewe. Kampuni ingemtafuta mwigizaji, mpiga picha na mhariri kutengeneza tangazo la namna hiyo, isingezungumza dola 80. Kwa hiyo ofa hii inanunua tangazo, na kwa jina inaita ushawishi. Haki ya kutumia video inauzwa kivyake, ina bei yake na ina muda: siku 30, 60, 90. Wakitaka tena, wanalipa tena.

Miezi sita ya kutotangaza washindani ni mbaya zaidi kwako wewe hasa, kwa sababu ukurasa wako mzima ni ngozi. Kwa mtu wa vichekesho kifungu hicho hakimuumi. Wewe kinakufungia duka. Kiulize kwa hela: kwa kawaida unapata madili mangapi ya ngozi kwa miezi sita? Hicho ndicho kiwango cha chini wanachotakiwa kukufidia. Au wataje kwa majina kampuni mbili tatu wanazoziogopa, badala ya "bidhaa za ngozi" zote.

Waandikie: ada ya video na stori hii, haki ya matangazo siku 60 ada hii, washindani mwezi mmoja na majina yatajwe, marekebisho mara mbili tu, nusu ya malipo kabla ya kurekodi. Weka kila kimoja mstari wake na bei yake. Mtu akiona bei moja kubwa anakataa yote. Akiiona imekatwa vipande ataanza kutoa asichokihitaji, na wewe utajua anachokihitaji hasa ni kipi.

#13

Mimi wa upande wa kampuni (#5) nathibitisha. "Muda wote" tunaiweka kwa sababu mwanasheria anaiweka kwenye kila karatasi. Ukiomba siku 90, mara nyingi hakuna hata anayepiga kelele. Wachache mno huomba.

#14

Tahadhari upande wa pili pia. Mshawishi naye akila hela asitimize, anashtakiwa. Luka Sabbat, mwigizaji na mwanamitindo wa Marekani, mwaka 2018: dili la miwani ya Snap (wenye Snapchat), dola 60,000, akapewa 45,000 mwanzoni. Kampuni ya mahusiano ya umma ikadai ameposti chapisho moja na stori moja tu badala ya zilizokubaliwa, hakuwaonyesha kwanza waidhinishe, na hakutuma takwimu. Wakampeleka mahakamani. Kwa hiyo anayeomba nusu mwanzo ajue ameshika na deni.

Na usisahau Fyre Festival ya 2017, tamasha la muziki lililovunjika. Msimamizi wa mali za waliofilisika alidai mwanamitindo Kendall Jenner alilipwa dola 275,000 kulipigia debe tamasha lile. Mwaka 2020 Jenner akakubali kurudisha 90,000. Tamasha likifa, anayekusanya madeni anakufuata na wewe.

#15

Je, ni lazima kuandika kwamba ni tangazo? Nikiandika naona watu wanapita tu.

#16 Mleta uzi

#15 nchi nyingi ndiyo, na mmoja wa walio wakali ni Mfaransa: sheria ya Juni 2023 inafika miaka miwili jela na faini ya euro 300,000. Instagram na YouTube zenyewe zina kitufe cha kuonyesha ni ushirikiano wa kulipwa. Kibonyeze. Kampuni ikikwambia usiandike, hiyo ni sababu ya kupandisha bei au kuondoka, maana hatari yote imewekwa mgongoni kwako. Mimi ningeondoka.

#17

Wakala je? Mimi kuna mmoja anataka asilimia 20 ya kila dili.

#18

#17 asilimia 10 hadi 20 ni kawaida. Uliza kitu kimoja: ni ya madili anayoleta yeye, au hata yale yanayokuja mwenyewe kwenye inboksi yako? Wengi wanaandika "mapato yote" kimyakimya. Na hela ipitie kwako kwanza au kwake? Ikipitia kwake, omba kuona ankara aliyoipeleka kwa kampuni. Kuna watu wamelipwa nusu ya kilichotolewa wakidhani wamekatwa asilimia 20.

#19

Mimi wa #10. Niliwaandikia kama alivyosema mleta uzi, kila kitu mstari wake. Wamejibu leo. Ada wamepandisha hadi dola 210. Haki ya video wamekubali siku 60 bila ubishi wowote, #13 ulisema kweli. Ya washindani wanataka miezi mitatu, wametaja kampuni nne, na moja kati ya hizo ndiyo imenipa kazi mara mbili. Nusu mwanzo wamekataa, wanasema watalipa "baada ya kampeni kumalizika".

#20 Mleta uzi

Safi. Hiyo kampuni iliyokupa kazi mara mbili waambie itoke kwenye orodha au waifidie, usiibebe bure. Nusu mwanzo ukiikosa si msiba, ila hayo maneno "kampeni kumalizika" yafute. Kampeni inamalizika siku wanayotaka wao. Andika: siku 30 tangu video ya kwanza iwekwe hewani, na haki yao ya kuitumia kwenye matangazo ianze siku hela inapoingia, si kabla.